Je, wajua kwa nini plastiki ile ile huwa angavu kwenye chupa na nyeupe kwenye sinia?

Chupa angavu ya maji na sinia la plastiki linaloingizwa kwenye oveni mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki moja, ile iitwayo PET. Ukimimina maji yanayochemka ndani ya chupa, hunywea na kupinda papo hapo. Sinia huvumilia joto la nyuzi 200 za Selsiasi na umbo lake halibadiliki. Tena sinia hilo, lisipotiwa rangi, ni jeupe na halionyeshi kilicho upande wa pili. Kemia ni karibu ile ile. Tofauti imo katika jinsi molekuli zilivyojipanga plastiki ilipokuwa inapoa.

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli. Ikiyeyushwa, minyororo hiyo huvurugana kama nyuzi zilizotatizana. Joto linaposhuka, baadhi ya plastiki hujaribu kujipanga: kipande cha mnyororo hulala sambamba na jirani yake, hujikunja, hurudi, hujikunja tena, mpaka kinatokea kibapa cha fuwele chenye unene wa takriban nanomita 10. Andrew Keller wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliobaini mkunjo huo mwaka 1957, na kwangu bado ni jambo la kustaajabisha kwamba uzi wenye urefu wa mamia ya nanomita unajikunja kwa unadhifu kiasi hicho bila kuongozwa na mtu. Vibapa hivyo hukua kutoka kwenye kiini kimoja kuelekea pande zote na kufanya mpira mdogo uitwao sferuliti. Hata hivyo, hakuna plastiki ya kawaida iliyo fuwele tupu. Katikati ya vibapa hubaki sehemu zilizovurugika, na ni vizuri zibaki, kwa sababu fuwele hutoa ugumu na sehemu hizo hutoa unyumbufu.

Si kila mnyororo unaweza kujipanga. Fito zilizonyooka hufungwa zikawa mzigo uliobana. Fito zenye matawi huacha mapengo. Ndivyo ilivyo kwa plastiki iitwayo polietilini. Ile yenye minyororo iliyonyooka hushikamana, ikafika uzito wa takriban gramu 0.95 kwa sentimita moja ya ujazo, nayo hutengeneza madumu na matangi ya mafuta ya magari. Yenye matawi huishia takriban gramu 0.92, hubaki laini, na huyeyuka mapema zaidi. Polipropilini, plastiki nyingine, inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Vikundi vya atomi vilivyo pembeni mwa mnyororo wake vikikaa ovyo, unapata kitu laini cha kunata. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia alipata polipropilini ambayo vikundi hivyo vimekaa upande mmoja kwa mpangilio, na ikawa plastiki ngumu inayoyeyuka kwenye nyuzi 160 na ushei. Mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Polikaboneti na polistairini ya kawaida zenyewe hukataa kabisa kujipanga zikiwa kwenye kalibu, yaani chombo cha kuipa plastiki umbo, na ndiyo sababu huwa angavu kama kioo.

Lakini fuwele inaharibuje uangavu? Tazama povu la sabuni. Maji ni maangavu, hewa ni angavu, ila povu ni jeupe, kwa kuwa mwanga hupinda kila unapovuka kutoka kwenye kimoja kwenda kingine. Fuwele na sehemu zilizovurugika hufanya vivyo hivyo, mradi fuwele ziwe kubwa kiasi cha kuusumbua mwanga.

Sasa turudi kwenye chupa. PET hujipanga polepole, kwa hiyo kiwanda huiwahi. Huisukuma ikiwa imeyeyuka ndani ya kalibu iliyopozwa, ikatoka kichupa kifupi kinene ambacho minyororo yake imeganda kabla ya kujipanga. Kisha kichupa hupashwa moto kufikia takriban nyuzi 100, huvutwa kwa fimbo na kupulizwa kwa hewa. Mvuto huo hulaza minyororo na kuzaa fuwele, ila ni ndogo mno kuusumbua mwanga. Maji ya moto huirudisha chupa nyuma: ikipita nyuzi 75 hivi, sehemu zilizovutwa hulegea na kujikusanya. Sinia hupitia njia nyingine. PET yake hutiwa viini vya kuharakisha fuwele, kisha huachwa kwenye kalibu ya moto mpaka fuwele zijae. Hata shingo nyeupe unayoiona kwenye baadhi ya chupa zinazojazwa vinywaji vikiwa moto mara nyingi si rangi. Ni fuwele zilizokuzwa kwa makusudi ili shingo isilegee.

Kwa mafundi wa kalibu, suala linalowaumiza vichwa ni kusinyaa. Fuwele huchukua nafasi ndogo, hivyo polipropilini husinyaa kwa asilimia 1 hadi 2.5, ilhali polikaboneti haifiki hata asilimia 1. Sehemu nene ya kifaa hupoa polepole, fuwele zake huongezeka, nayo husinyaa kuliko sehemu nyembamba iliyo jirani yake. Kifaa kikapinda. Kishawishi ni kuipoza kalibu haraka ili vifaa vitoke vingi kwa saa. Ila minyororo ya polipropilini haigandi kabisa katika joto la kawaida, kwa hiyo huendelea kujipanga baada ya kutolewa. Kifuniko kilichopimwa kikakutwa sawa kinaweza, siku chache baadaye, kugoma kuingia mahali pake, na dawa yake huwa kuiacha kalibu iwe na joto zaidi ili fuwele zimalize kazi zikiwa bado ndani.