Kupishwa foleni kwa sababu ya ulemavu: yanayosemwa na yalivyo

Sikukuu za Idi na Krismasi zikifika, mitelezo ya maji Kunduchi ikajaa na kila kiwanja chenye bembea kikafurika, magrupu ya WhatsApp ya wazazi wa Dar hurudia ugomvi uleule: kwa nini yule kapitishwa mbele? Siku hizi ugomvi umepata kuni mpya, maana kila mtu ameshatumiwa kipande cha habari kuhusu viwanja vya michezo vya Disney vya Marekani na watu waliojifanya walemavu ili wasipange foleni. Habari yenyewe ni ya kweli. Mengi yanayojengwa juu yake siyo.

"Kule Disney ukisema una ulemavu unapita moja kwa moja"

Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Kulikuwa na kadi iliyompa mwenye nayo mlango wa pembeni, na mara nyingi alingoja kidogo sana. Kadi hiyo iliondolewa Oktoba 2013, ukaja utaratibu unaoitwa Disability Access Service, yaani huduma ya kuwarahisishia wenye ulemavu. Huu haufuti kungoja. Kama foleni ya mchezo ni ya saa moja, unaandikiwa urudi baada ya muda unaokaribia huohuo. Katikati unaweza kwenda chooni, kula, kukaa kivulini, au kumtoa mtoto kwenye kelele. Ulichosamehewa ni kusimama ndani ya mstari, basi.

Nimeona watu wazima wakibishana usiku kucha bila kuijua tofauti hiyo, na ndiyo yenye kesi nzima.

"Mwenye kiti mwendo ndiye hasa anayepitishwa"

Kinyume chake. Kwenye michezo mingi ya Disney njia za foleni zimetengenezwa pana kiasi cha kiti mwendo kupita, kwa hiyo anayekitumia anaingia mstari uleule na kungoja kama wewe. Hapa kwetu tatizo la mwenye kiti mwendo linaanza kabla ya foleni: mchanga getini, ngazi tatu zisizo na njia ya mteremko, mtaro uliofunikwa kwa ubao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia ufikivu wa majengo na huduma za umma. Fundi aliyezijenga zile ngazi sidhani kama aliwahi kuambiwa.

"Mbona anatembea vizuri tu?"

Hili ndilo linaloumiza zaidi, na Dar linasemwa kwa sauti, mbele ya mtoto mwenyewe.

Mpwa wangu ana siko seli, au selimundu kama wanavyoandika kwenye mabango ya hospitali. Ukimwona anarukaruka na puto mkononi huwezi kujua. Lakini akikaa juani akaishiwa maji mwilini, chembe zake nyekundu za damu zinajikunja mfano wa mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yanaanza, kwake mara nyingi miguuni na mgongoni. Hapo sikukuu imeisha, mnatafuta bajaji ya kwenda hospitali. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na idadi inayotajwa sana ni takribani 11,000 kila mwaka. Siyo jambo la familia moja ya Tandika.

Kwenye kiwanja kimoja cha michezo mwezi Januari, dada yangu alimwomba mlinzi amruhusu mtoto akae kwenye kivuli huku yeye akimshikia nafasi.

"Mama, huyu mbona mzima?"

"Mzima sasa hivi, kaka yangu. Au nisubiri aanze kulia ndiyo nije kuomba?"

Mlinzi akaangalia chupa mbili za maji na kofia, akawaangalia watu waliokuwa nyuma wakiguna, akakataa. Simlaumu sana. Hakuna aliyemfundisha, na aliogopa wale wa nyuma kuliko alivyomwogopa dada.

Siko seli ni mfano mmoja tu. Mtoto mwenye usonji, yaani autism, anaweza kuwa na nguvu kuliko watoto wote kiwanjani, lakini "subiri kidogo" kwake ni maneno yasiyo na mwisho, na spika inayopiga singeli karibu na jenereta inamfanya ajizibe masikio na kupiga kelele. Watu wanasema hana adabu. Mwenye ualbino anatembea, anacheka. Adui yake ni lile jua la saa saba lisilo na turubai, linaloiunguza ngozi na baadaye kuleta saratani. Mwenye kifafa ana hofu zake. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya kila kumi mwenye umri wa miaka 7 na kuendelea ana aina fulani ya ulemavu. Hebu hesabu wangapi kati ya hao unawatambua kwa macho ukiwa Kariakoo.

"Udanganyifu ni maneno tu, hakuna anayefanya hivyo"

Upande wa pili nao una watu wake wa kutetea kila kitu. Udanganyifu upo. Mwaka 2013 gazeti la New York Post liliandika kuhusu akina mama matajiri wa Manhattan waliokuwa wakimkodi mtu mwenye ulemavu awaongoze Disney kama ndugu yao: dola 130 kwa saa, au 1,040 kwa siku ya saa nane. Miezi michache baadaye kadi ya zamani ikaondolewa. Angalia ni nani waliodanganya. Hawakuwa mama wa mtoto mgonjwa. Walikuwa watu wenye uwezo walioona foleni ni kazi ya wengine.

Dar hatukodi, tunaazima. Kwenye geti la maonyesho utaona bibi mmoja kwenye kiti mwendo na wasindikizaji saba. Mmoja anasukuma, wa pili kashika mpini uleule kwa kidole kimoja, wa tatu kabeba kandambili za bibi, waliobaki wanasema "tuko pamoja." Ndani ya geti bibi anaachwa na mjukuu mdogo, wengine hawaonekani tena. Hospitalini kuna kampeni nzuri ya "mpishe mzee", na kuna vijana wanaokwenda dirisha la wazee na kadi ya babu aliyebaki Mbagala anaangalia mpira.

"Basi tudai cheti cha daktari, mambo yaishe"

Hapa natofautiana na marafiki zangu wengi. Cheti chenyewe kinapatikana kwa foleni nyingine, nauli na siku ya kazi iliyopotea, na muhuri mjini hapa unachongwa mchana kweupe. Mdanganyifu atakuwa nacho kabla ya mgonjwa.

Disney wenyewe hawakwenda kwenye cheti; walibana mlango. Kuanzia Mei 2024 kule Florida, na Juni mwaka huohuo kule California, huduma ile ilielekezwa zaidi kwa wenye matatizo ya ukuaji kama usonji. Muombaji anazungumza na mhudumu, mara nyingi kwa simu ya video, na akigundulika kadanganya anafungiwa daima. Watu wenye maradhi mengine, ambao hawakudanganya chochote, wakaambiwa watumie njia nyingine, mfano kutoka kwenye mstari na kurudi. Bili ya wajanja ikapelekwa kwao.

Wala msidhani Marekani kila anayelalamika anapewa. Familia za watu wenye usonji ziliishitaki Disney zikisema hata kungojea nje ya mstari ni kugumu kwa watoto wao. Mwaka 2020 jaji wa shirikisho huko Florida aliamua upande wa Disney.

Kinachopunguza tamaa ya kudanganya ni kuondoa faida. Ukimpa mtu zamu ya kungojea muda uleule akiwa kivulini, mjanja hapati kitu, na mwenye shida anapata anachohitaji. Kwa kiwanja cha Dar hilo ni daftari, kalamu na benchi chini ya mwembe, pamoja na ukomo wa wasindikizaji: wawili watatu, siyo ukoo.

"Wanatupora nafasi zetu"

Mwishoni mwa 2024, Disneyland, kiwanja cha Disney cha kule California, ilianza kuuza pasi ya kupita njia ya haraka kwenye michezo yenye njia hiyo kwa dola 400 kwa mtu kwa siku. Wanaoinunua hakuna anayewaita wezi wa foleni. Hapa napo V8 ikisimama getini na mtu akasema "namjua meneja", foleni nzima inaangalia simu zake. Sauti inatupata akija mama na mtoto wake.

Kwa wazazi watakaokwenda sikukuu ijayo: ukifika kwa mlinzi usianze na jina la ugonjwa, litaleta mjadala. Sema unachotaka. "Kaka, mtoto huyu hawezi kusimama juani, tuandikie zamu yetu tukae pale, tutakuja ikifika." Wengi wanakubali, hasa ukiwageukia na wa nyuma yako ukawaambia hutampita mtu. Na fikeni geti linapofunguliwa, maana kuanzia saa tano jua na watu vyote vinakuwa vingi.