Sekunde mbili za kwanza: namna ninavyotengeneza wimbo wa kuingilia ulingoni

Wimbo wa kuingilia ulingoni haupimwi kwenye spika za masikioni. Unapimwa kwa mtu mmoja: aliyekaa mbali kuliko wote, kaupa ulingo mgongo, ananunua karanga. Ukilia, ageuke, na jina la anayeingia liwe tayari mdomoni mwake kabla hajamwona. Nampa sekunde 2. Zikipita hajageuka, kazi inarudi studio, hata biti iwe tamu kiasi gani.

Mabondia wengi wa hapa Mwanza huja na wimbo wanaoupenda ukiwa na mwanzo wa sekunde 15: kinanda kinapanda polepole, mtu anasema maneno mawili matatu, ndipo ngoma inaingia. Ndani ya gari unapendeza. Uwanjani, sekunde hizo 15 bondia kasimama nyuma ya pazia na watu bado wanapiga soga. Ngoma inapoingia, msisimko umeshavuja.

Wanamieleka wa Marekani walilijua hili mapema, na kila aliyekaa kibanda umiza amelisikia bila kulitafakari. Stone Cold Steve Austin: kioo kinapasuka. The Undertaker: kengele moja, kisha giza. Sauti zote mbili ni kazi ya Jim Johnston, mtunzi aliyewaandikia wanamieleka wa kampuni ya WWE kwa miongo kadhaa, na zinastahili kuchambuliwa kwa sababu zinafanya kazi kwa njia tofauti kabisa.

Kioo hakina noti. Ni mlipuko wa sauti nyembamba nyingi kwa mpigo mmoja, hauna upandaji, unaanza ukiwa kwenye kilele. Sikio halihitaji kusubiri melodi ili kuutambua, na hata spika mbovu isiyo na besi inautoa mzima. Kengele ni kinyume chake. Inapigwa mara moja, inaachwa ife taratibu, na ule mkia wake ndio unaowapa watu muda wa kunyamaza. Kinachofuata kimejengwa juu ya maandamano ya mazishi ya Chopin, kwa hiyo hata asiyejua mieleka anaelewa kwamba anayekuja si mtu wa mchezo. Kioo kinafaa kwa anayetembea haraka kwenda kupiga mtu. Kengele inafaa kwa anayetaka kusubiriwa. Jambo la kwanza ninalomuuliza mteja ni hilo: unakwenda, au unasubiriwa?

Mwanzoni wanamieleka waliazima muziki uliokuwapo. Gorgeous George, miaka ya 1940, aliingia kwa maandamano ya Mwingereza Edward Elgar ya mwaka 1901, yale yanayopigwa kwenye mahafali, na Randy Savage akayachukua hayo hayo miaka ya 1980. Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ulizaliwa jirani zetu. Mwaka 1974, Kinshasa, umati ulimwimbia Muhammad Ali kwa Kilingala, “Ali, boma ye”, yaani Ali, muue. Mwaka 1976 Ali alipigana Tokyo na mwanamieleka Antonio Inoki, na baadaye muziki uliobeba ule wito ukawa wa Inoki: “Inoki Bom-Ba-Ye”. Mjapani mwingine, Shinsuke Nakamura, pigo lake la goti liliitwa Bomaye, na alipokwenda Marekani likaitwa Kinshasa. Sikiliza kilichosafiri hapo: silabi tatu zenye mdundo. Chochote ambacho umati unaweza kukiimba bila kufundishwa kitavuka bahari. Ndiyo maana kila wimbo ninaoutengeneza lazima uwe na kipande cha silabi tatu hadi sita ambacho jina la bondia linakaa ndani yake bila kubanwa.

Alama

Ile sauti ya kwanza naiita alama. Iwe na urefu wa nusu sekunde, zaidi kidogo si vibaya, kisha kimya cha sekunde 0.7 hivi. Kimya hicho watu wengi hukiogopa na kukijaza kwa sauti za kupanda. Kiacheni. Ndipo umati unapopiga kelele, na kelele yao ndiyo nusu ya wimbo.

Usichukue mlio wa kioo wala kengele. Milio hiyo ina wenyewe tayari. Huku kwetu sauti za alama zimejaa. Wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, huingia na majembe, na jembe la mkono likigongwa vizuri linapenya uwanja mzima. Litoe kwenye mpini, lining'inize kwa kamba ya katani, usilishike kwa mkono kwa sababu mkono unameza mlio. Maikrofoni iwe sentimita 40 kutoka kwenye bapa. Gonga kwa kipande cha nondo karibu na ukingo, siyo katikati: katikati linatoa “ta” butu, ukingoni linalia “tiiing” na mkia wa sekunde mbili, utakaoukata ubaki na ile nusu sekunde. Rekodi mapigo 20, utapata matatu ya maana.

Chini ya jembe naweka pigo moja la ngoma kubwa. Ngozi ianikwe juani au isogezwe karibu na moto kabla ya kurekodi, maana asubuhi ya masika karibu na ziwa ngozi inalegea na mlio unakuwa kama wa debe lenye maji. Kisha kuza picha ya sauti kwenye kompyuta mpaka uone mawimbi yenyewe. Pigo la ngoma na pigo la jembe lazima vianze mahali pamoja. Ngoma ikichelewa hata milisekunde 20 alama inasikika imepasuka vipande viwili. Na kama rekodi moja inaanza kwa kupanda na nyingine kwa kushuka, geuza mawimbi ya mojawapo juu chini, la sivyo sehemu ya uzito inajiua yenyewe.

Jihadhari na vuvuzela. Mlio wake wa msingi uko karibu hezi 233 (mitetemo kwa sekunde) na unatapakaa juu ya hapo. Alama ya tarumbeta iliyokaa eneo hilo hilo itazama. Jembe, likiwa na nguvu yake juu zaidi, halizami.

Hatua na kasi

Njia ya kutoka pazia hadi ulingoni nikipewa mita 30, nahesabu hatua ya mtu mzima aliyejiamini kuwa sentimita 75: hatua 40. Biti ikiwa 104 kwa dakika na akikanyaga kila pigo, anafika kwa sekunde 23. Akisimama kupeana mikono, weka sekunde 40. Kupanda na kuzunguka ulingo, 30 nyingine. Kwa hiyo matumizi halisi ni dakika moja na ushei, na mimi natoa dakika 3 kwa sababu mtu wa kumfungulia kamba anaweza kuchelewa.

Anayetaka singeli namkubalia, lakini namfundisha kuhesabu. Singeli ya 220 hakuna binadamu atakayeikanyaga kila pigo. Atakanyaga moja, ataruka moja, na hapo anatembea 110. Asipojua hivyo anaonekana anakimbilia daladala. Chini ya 80 mwachie mwenye mwili mkubwa na koti refu. Bondia wa uzito wa unyoya kwenye biti ya 70 anaonekana amechoka kabla ya raundi ya kwanza.

Miamba

Hapa ndipo wimbo uliotengenezwa Dar es Salaam unapoharibikia Mwanza. Jiji letu limekaa juu ya mawe ya itale, na jiwe kubwa linarudisha sauti karibu yote. Kwa joto la nyuzi 27 sauti inakwenda takriban mita 347 kwa sekunde. Ukuta wa mwamba ukiwa mita 50 kutoka kwenye spika, mwangwi unasafiri mita 100 kwenda na kurudi, unafika ulingoni baada ya sekunde 0.288 hivi. Biti yenye midundo mingi ya haraka inakutana na kivuli chake na kuwa uji.

Dawa si kupunguza sauti. Nenda uwanjani bila watu, simama ulingo utakapokuwa, gonga mbao mbili mara moja, rekodi kwa simu, pima pengo kati ya pigo na mwangwi kwenye kompyuta. Kisha chagua kasi ambayo nusu ya pigo inalingana na pengo hilo. Kwa 0.288 jibu ni 104: pigo moja ni sekunde 0.577, nusu yake 0.288. Mwangwi sasa unaangukia katikati ya mapigo na mwamba unakuwa mpiga ngoma wa pili. Hesabu hii ni kamili kwa walio karibu na ulingo. Anayekaa upande wa mwamba anasikia pengo fupi zaidi. Kwa hiyo midundo midogo ipungue vilevile: kick (pigo la ngoma ya besi), kofi, jembe, basi. Mapambo yabaki kwenye toleo la kusikiliza nyumbani.

Upepo nao uhesabiwe. Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Spika zinazopigana na upepo, sauti inapinda kwenda juu na watu wa nyuma wanapata mabaki. Zipangeni zielekee uendako upepo wa saa ya pambano, siyo upepo wa saa mnayofunga vyombo. Na jioni ikituliza ziwa, hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti inateleza juu ya maji mpaka kwa wavuvi wa dagaa kwenye taa zao. Besi hapo ipunguzwe kwa heshima ya majirani.

Spika mtakazopewa

Andika kwa spika mbovu. Honi za chuma zinazotangazia mikutano hazitoi chochote cha maana chini ya hezi 300 au 400. Besi safi ya hezi 50 juu ya honi ni kimya kitupu. Ila besi hiyo hiyo ikichubuliwa kidogo kwa distoshen inazaa 100, 150, 200 na kuendelea hadi 400 na 500, na sikio likizisikia hizo linaijaza lenyewe ile ya chini isiyokuwapo. Mimi huchanganya nikisikiliza kwenye simu, spika yake ya chini, nikiwa nimeitupa mezani. Besi ikifuatika hapo, itafuatika popote.

Sikiliza pia kwa mono. Mafundi wengi wa uwanjani huunganisha kushoto na kulia kuwa moja, na kinanda kilichopanuliwa kwa ujanja wa stereo huweza kutoweka chote. Niwaambieni mapema: kama melodi yako inategemea ujanja huo tu, huenda isisikike.

Kama kuna masanduku ya spika za besi za inchi 18, tatizo linahamia kwenye jenereta. Pigo refu la besi linavuta umeme kwa ghafla, volti zinashuka, taa zinapepesa, na mikisa za dijitali huweza kujizima na kuwaka upya, dakika nzima ya kimya. Fupisha kick isizidi milisekunde 200 na kata kila kilicho chini ya hezi 40. Hakuna atakayekosa kitu.

Faili, waya, ishara

Toa faili tatu za WAV (sauti isiyobanwa), 44.1 kHz, 16-bit: alama na mwili wa wimbo, kipande cha kuzungusha, na cha ushindi. Dakika 3 ni takriban MB 32. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni, hivyo kipande cha kuzungusha kinakwama kila kinapojirudia. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Kimya kabla ya alama kikatwe chote, kwa sababu DJ akibonyeza na kusikia kimya anabonyeza tena, na hapo alama inalia mara mbili, ni heri isingelia.

Bluetooth iachwe nyumbani. Inachelewesha, na mtu akipita kati inakatika. Tumia waya, simu iwe kwenye hali ya ndege. Ukisikia mngurumo wa hezi 50, laptopu na mikisa zimechomekwa sehemu tofauti. Zichomeke pamoja, au chomoa chaja kwa dakika hiyo moja.

MC wengi wa ngumi hulitaja jina kwanza, muziki ukafuata. Namwomba kila MC afanye kinyume. Taa zizimwe, kimya sekunde 2, alama, umati, na jina litajwe mtu akiwa tayari njiani, kama kwenye sekunde ya 8. Nimeacha nafasi hapo: melodi inatulia sekunde 8 hadi 16, na fundi anashusha muziki desibeli 10. Ishara ya kubonyeza itoke kwa mtu wa pazia, kwa tochi, siyo kwa kupunga mkono gizani.

Wimbo wa msanii mwingine, hata ukiwa umelipiwa mtandaoni, kuupiga mbele ya watu waliotoa kiingilio kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Na video ya pambano ikipandishwa mtandaoni inaweza kunyamazishwa pale pale bondia anapotokea. Jembe lako na ngoma yako hakuna atakayekudai.

Umeme ukikatika bondia akiwa katikati ya njia, wapiga ngoma wawili wawe wameketi kando ya pazia tangu mwanzo. Wapewe dundo la wimbo siku mbili kabla, kwa kasi ile ile, na jembe lenyewe lililorekodiwa liwe limening'inia hapo. Taa zikizima wanaingia kwenye pigo linalofuata bila kusubiri kuambiwa. Umeme ukirudi, DJ asianze na alama. Aanzie kwenye kipande cha kuzungusha, aiingize sauti taratibu chini ya ngoma, na wapigaji waendelee mpaka bondia ashike kamba.