Zamu ya safari 30 katika ndege za mabomu za Uingereza

Ukirithi daftari la safari za ndege la babu aliyepigana na kikosi cha mabomu cha Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, utakuta mistari ya wino mwekundu na mingine ya kijani. Mwekundu ni mashambulizi ya usiku, kijani ni ya mchana. Mara nyingi pembeni kuna namba zinazopanda: hapo alikuwa akihesabu zamu yake.

Zamu ilikuwa idadi ya mashambulizi ambayo askari wa anga alitakiwa kuyatimiza ndipo apumzishwe. Kwa kawaida ya kwanza ilikuwa safari 30. Baada yake alipelekwa kufundisha wengine kwa miezi kama sita, kisha aliweza kuitwa kwa zamu ya pili ya safari 20. Wale waliotangulia kudondosha mianga ya kuonyesha shabaha walipewa 45 kwa mfululizo.

Thelathini inasikika kama namba ndogo. Lakini chukua usiku ambao kila ndege 100 zinazoondoka, nne hazirudi, jambo lililokuwa la kawaida kabisa. Rudia hivyo mara 30 na kati ya askari wa anga 100 walioanza wanamaliza takriban 29. Na kulikuwa na usiku mbaya kuliko huo: Machi 30 kuamkia 31, 1944, ndege 795 zilikwenda Nuremberg, Ujerumani, na 95 hazikurudi. Kati ya watu wapatao 125,000 walioruka na kikosi hicho, 55,573 walikufa.

Lancaster, mojawapo ya ndege za mabomu za kikosi hicho, ilibeba watu saba. Mpiga bunduki wa mkiani alikaa peke yake kwenye kibanda cha kioo, kwa saa saba au nane, akiwa amevaa suti yenye nyaya za umeme za kumpasha joto, maana baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Wengine waliondoa kabisa kioo cha mbele ili waione vizuri ndege ya adui, wakaikubali baridi. Saba hao walihesabu pamoja. Aliyeugua akaachwa na wenzake siku mbili tatu alibaki nyuma, ikambidi amalizie na watu asiowajua, na hilo waliliogopa sana.

Ugomvi ulikuwa juu ya nini kinahesabiwa. Ndege iliyogeuzia njiani kwa hitilafu kwa kawaida haikupata namba. Mapema 1944 wakubwa waliamua kwamba safari nyingi za Ufaransa, kwa kuwa ni fupi, zihesabiwe theluthi moja tu. Mei 3 usiku kikosi kikashambulia kambi ya vifaru vya Wajerumani ya Mailly-le-Camp, Ufaransa, zikapotea Lancaster 42. Kanuni ile ikafutwa upesi. Kwa maoni yangu ilikuwa dharau tangu mwanzo, kwani risasi ya Ufaransa haiui theluthi.

Huko chini nako, katika miji ya Ujerumani iliyopigwa mabomu, watu walikuwa wakifa kwa makumi ya maelfu: Hamburg Julai 1943, Dresden Februari 1945. Huenda ndiyo maana wengi waliomaliza zamu hawakupenda kuizungumzia nyumbani.

Wapo ambao hawakuimaliza wala hawakufa. Johnny Smythe wa Sierra Leone, msoma ramani, alikuwa ameshapita safari 20 ndege yake ilipotunguliwa Novemba 1943. Alikaa mfungwa Stalag Luft I, kambi ya Wajerumani ya wafungwa wa kivita huko Barth, hadi 1945, na baadaye akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake.