Kata, hyung na poomsae: ukoo mmoja, majina matatu

Kata ni mfululizo wa mapigo, vizuizi na hatua ambao mtu huucheza peke yake, akipambana na adui asiyeonekana. Neno ni la Kijapani, wala halihusiani na kukata. Wacheza taekwondo nao wana kitu hichohicho, ila wao hukiita hyung, tul au poomsae, kutegemea tawi lao. Na hyung ni kata ileile: alama moja ya maandishi ya Kichina, Mjapani akaisoma kwa lugha yake na Mkorea kwa yake.

Wanafunzi wengi wa taekwondo huambiwa kwamba hyung zao ni urithi wa Korea ya kale, kwa sababu zina majina ya watawa, wasomi na wapigania uhuru wa nchi hiyo. Majina ni ya Kikorea kweli. Miondoko imetoka mbali zaidi.

Itazame hyung iitwayo Won-Hyo. Mchezaji anageukia kushoto, uzito mwingi uko mguu wa nyuma, mikono inapanda kwa pamoja: wa kushoto unazuia mbele yake, wa kulia unakinga paji la uso. Mkono wa kulia unapiga kuingia ndani, kisha wa kushoto unatoka na ngumi. Anageukia kulia, anarudia vilevile. Halafu anakunja mguu, anapiga teke la ubavu, anatua, anakinga kwa viganja vilivyonyooshwa mara tatu, na hatua inayofuata anachoma kwa ncha za vidole. Sasa mtazame mtu wa Shotokan, mojawapo ya matawi ya karate, akicheza kata ya Heian Nidan. Teke lake linaelekea upande mwingine na miguu yake imetanuka zaidi, lakini mpangilio ni uleule, hatua kwa hatua. Mtu hawezi kuniambia hiyo ni bahati tu.

Chanzo ni Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani kilichochanganya mapigano yake ya asili na yale ya kusini mwa China. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu Itosu Anko wa Shuri alitunga kata tano fupi za kufundishia shuleni, akaziita Pinan. Mwaka 1922 Funakoshi Gichin alihamia Tokyo, akayasoma maandishi yaleyale kwa Kijapani: Heian. Akabadilishana pia nafasi ya ile ya kwanza na ya pili, ndiyo maana Heian Nidan (ya pili) kule Okinawa ni Pinan Shodan (ya kwanza).

Korea wakati huo ilikuwa chini ya Japani, tangu 1910 hadi 1945, na vijana wa Kikorea waliokwenda kusoma Japani walijifunza karate hukohuko. Lee Won-kuk alifundishwa na Funakoshi, akafungua ukumbi wa Chung Do Kwan mjini Seoul mwaka 1944. Choi Hong Hi, aliyekuja kuwa jenerali wa jeshi la Korea Kusini, naye alijifunzia karate Japani. Katika kumbi za Korea mchezo ukaitwa tang soo, yaani "mkono wa Kichina", kama Waokinawa walivyokuwa wakiiandika karate zamani. Pinan, au Heian, ikawa Pyung-ahn.

Jina taekwondo likaja 1955. Choi na wasaidizi wake jeshini wakatunga hyung mpya, lakini kitabu chake cha 1965 kilikuwa bado kinafundisha kata za karate kama Heian, Bassai na Jitte pamoja na hizo mpya. Wakorea walikuwa wametoka kwenye utawala mchungu, na walitaka mwili wao useme Kikorea. Ndipo hyung moja ikapewa jina la An Jung-geun, aliyempiga risasi kiongozi wa Kijapani Ito Hirobumi mjini Harbin mwaka 1909. Tawi la Kukkiwon, makao ya taekwondo mjini Seoul, likasimama wima zaidi, miguu karibu, likaunda poomsae nane za Taegeuk. Hata hivyo ile ya kwanza inaanza kama Heian Shodan: geuka kushoto, zuia chini, piga hatua, ngumi.

Hakuna aibu hapo. Sisi tulipokea neno "kitabu" kutoka Kiarabu, tukalitengenezea wingi "vitabu", na leo hakuna anayeliona la kigeni.

Faida ya kuujua ukoo huu utaiona mazoezini. Katika hyung ya Toi-Gye unakanyaga chini kwa kishindo mara sita huku mikono yote miwili imeinuliwa pembeni mwa kichwa, na wengi hucheza hivyo miaka mingi bila kujua inafanya nini. Jitte ina mikono hiyohiyo na kishindo hichohicho. Mtafute mwalimu wa karate anayeijua Jitte, mwombe akuonyeshe matumizi yake, huku mtu mwingine akimshika mkono.