Kodi ya kuhamisha nyumba: asilimia hiyo inapigwa juu ya nini?

Wateja wengi huniuliza kwanza kodi ya kuhamisha umiliki ni asilimia ngapi. Mimi huwauliza: asilimia ya nini? Kiwango utakipata popote. Kinachomfanya mnunuzi ahangaike kutafuta mkopo dakika za mwisho ni kiasi ambacho kiwango hicho kinapigiwa hesabu.

Si lazima kiwe bei mliyopatana. Kenya, kwa mfano, ushuru wa stempu (ndilo jina la kodi hii huko) ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani, lakini thamani huamuliwa na mthamini wa serikali. Akiikadiria nyumba juu ya bei ya mkataba, unalipia makadirio yake. Kama muuzaji alikuwa na shida akakupunguzia sana, punguzo hilo ni lenu wawili, kodi hailijui.

Kodi inapopanda kwa madaraja, ndipo pa kusoma polepole. Uingereza, hadi mwanzoni mwa Desemba 2014, nyumba ya pauni 250,000 ililipiwa asilimia 1, yaani pauni 2,500. Ongeza pauni moja tu, asilimia 3 ikatozwa bei nzima: zaidi ya pauni 7,500! Tangu tarehe 4 mwezi huo, kila kiwango kinatozwa kipande chake tu cha bei. Misamaha nayo ina ukingo kama huo. Uholanzi, mnunuzi wa chini ya miaka 35 anaweza kusamehewa mara moja kwa nyumba atakayoishi mwenyewe. Thamani ikivuka kikomo, anapoteza msamaha wote, si kwa ile ziada peke yake.

Hapo ndipo mtu huninong'oneza: "Wakili, si tuandike bei ndogo?" Hapana. Ni udanganyifu, na hata ukiweka sheria pembeni hesabu yenyewe ni mbovu. Benki hutazama bei ya mkataba inapokukopesha, na siku utakayouza, faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo, utozwe kodi ya faida kwa pesa ambayo hukuipata.

Njia halali ya kupunguza ipo, ingawa ni ndogo. Ujerumani, makabati ya jikoni na samani zinazobaki zikitajwa peke yake kwenye mkataba kwa bei ya kweli, haziingii kwenye hesabu ya kodi ya nyumba. Ya kweli, nasisitiza. Jiko kuukuu halina thamani ya gari.

Halafu pesa yenyewe iwe taslimu. Mara nyingi mkopo wa nyumba hauigusi kodi hii, na inadaiwa kabla jina lako halijaingia kwenye daftari la ardhi. Hukohuko Ujerumani, msajili hakuandikishi mpaka ofisi ya kodi itoe cheti kwamba haina pingamizi, na cheti hicho hufuata malipo. Kwa hiyo pesa ya kodi itenge kabla ya kusaini, kwenye akaunti tofauti na ile ya malipo ya awali.