Je, wajua? Ofisi ya mtaa yaweza kukufikisha kwa mtu bila kukupa namba yake ya simu

Kiwanja kinachopakana na chako hakijajengwa miaka na miaka. Majani yamefika usawa wa dirisha, nyoka wanatokea humo, na masika yakianza maji yote ya upande ule yanashuka kwenye msingi wa ukuta wako. Unataka kuzungumza na mwenyewe mkubaliane kuchimba mtaro. Ila mwenyewe ni nani? Jirani mmoja anasema yuko Mwanza, mwingine anasema alishauza, wa tatu anamjua kwa jina la utani tu. Je, kumbukumbu za serikali za mitaa zinaweza kukupa mawasiliano yake?

Zinaweza kukusaidia, lakini si kwa namna ambayo wengi wetu tunafikiri. Hapa Tanzania kumbukumbu za umma ziko wazi, kwa sehemu kubwa, kuhusu kitu: kiwanja, kampuni, leseni, jengo, cheo. Kuhusu mtu binafsi zimefungwa. Ukiingia ofisini na kusema "naomba namba ya simu ya fulani", utarudi mikono mitupu, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiuliza habari za kiwanja, kisha ukaomba ofisi imfikishie mwenye kiwanja ujumbe wako, utasikilizwa. Watu wengi wanakata tamaa mapema kwa sababu walianza na swali la kwanza badala ya la pili.

Tuanzie chini kabisa. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Chini yake kuna kata, na chini ya kata mambo yanagawanyika: mijini kuna mitaa, zaidi ya 4,000, vijijini kuna vijiji zaidi ya 12,000, navyo vina vitongoji zaidi ya 64,000. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji huchaguliwa na wananchi, na uchaguzi wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji yeye ni mwajiriwa wa halmashauri. Kwa mtu anayetafuta kumbukumbu, mtendaji ni muhimu kuliko mwenyekiti, maana daftari liko mikononi mwake. Balozi wa nyumba kumi ni jambo jingine: tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, mabalozi ni viongozi wa chama, si wa serikali. Anaweza kukusaidia kama jirani anayejua watu, lakini hana rejesta ya serikali wala mhuri wa serikali.

Ofisi ya mtaa inahifadhi nini hasa? Orodha ya wakazi, mara nyingi ikiwa ndani ya kaunta buku lililochakaa pembeni. Nakala za barua za utambulisho walizopewa wakazi kwa ajili ya benki, polisi au kitambulisho cha taifa. Mihtasari ya mikutano. Na kwa maeneo ambayo hayajapimwa, kitu chenye thamani kubwa: nakala za mikataba ya mauziano ya viwanja iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti. Mkataba wa namna hiyo una jina la muuzaji, la mnunuzi, mashahidi wa pande zote mbili na majina ya wanaopakana, kaskazini fulani, kusini fulani. Kwa hiyo kama kiwanja kile kiliuzwa mwaka 2009, ulizia pia nani alikuwa mwenyekiti mwaka huo. Sahihi yake iko kwenye karatasi, na mara nyingi yeye ndiye anayemkumbuka mnunuzi kwa sura, kwa kabila na kwa kazi aliyokuwa akifanya.

Kijijini kuna masjala ya ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji iwe na rejesta ya ardhi yake, na hati miliki za kimila huandikwa humo. Katika kijiji ambacho mpango wa matumizi bora ya ardhi umekamilika, kumjua mwenye shamba ni kazi ya asubuhi moja. Katika kijiji ambacho haujakamilika, unategemea wazee.

Sasa tuseme eneo lako limepimwa, lina bikoni, yale mawe ya mipaka, kwenye kona. Hapa kuna jambo ambalo wenye hati wengi hawalioni ingawa wanalo kabatini: ramani ndogo iliyoambatanishwa na hati yako inaonyesha pia namba za viwanja vinavyopakana na chako. Namba ya kiwanja, kitalu na jina la eneo ndivyo vitu vinavyohitajika ili kuanza kuuliza. Kama hati huna, afisa mipango miji wa halmashauri ana ramani ya mipango miji ya eneo zima, na namba utaiona humo.

Ukishaipata, kuna ofisi mbili. Ya kwanza ni idara ya ardhi ya halmashauri, yenye majalada ya waliopewa barua ya toleo, ile tunayoiita ofa, ambao pengine hawajawahi kufuatilia hati. Ya pili ni ofisi ya ardhi ya mkoa, alipo Msajili wa Hati. Huko unaomba upekuzi rasmi wa kiwanja, unapewa kontroo namba, unalipa, unasubiri majibu. Majibu yatakwambia jina la mmiliki aliyesajiliwa, namba ya hati, muda wa umiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Huulizwi undugu wako na mmiliki, kwa sababu daftari la hati liliwekwa ili mtu yeyote anayetaka kununua, kukopesha au kudai aweze kujua ardhi ni ya nani. Kwa hiyo wasomaji wanaoishi Muscat, London au Toronto na wenye viwanja huku nyumbani wakumbuke: hata wao kiwanja chao kinaweza kupekuliwa, na wao wanaweza kukipekua kupitia mwakilishi ili waone kama bado kina jina lao.

Nataka kuzungumzia kidogo anwani utakayoikuta kwenye hati, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Hati za zamani hazina namba ya simu. Zina S.L.P., sanduku la posta. Na sanduku lenyewe mara nyingi halikuwa la mtu. Lilikuwa la mwajiri wake, shule, kiwanda, shirika la umma, parokia. Mtu alipewa kiwanja mwaka 1986 akiwa mfanyakazi wa shirika fulani, akaandika sanduku la shirika. Shirika lilibinafsishwa au likafa, mtu akastaafu na kurudi kwao. Barua ukiituma inakwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Hata hivyo usilidharau sanduku hilo. Linakwambia alikofanya kazi, na wastaafu wa sehemu moja hujuana. Wapo waliopatikana kwa njia hiyo, kwa kuulizia tu: "Kuna mzee aliyewahi kuwa kiwandani kwenu miaka ile?"

Mpango wa anwani za makazi ulioendeshwa nchi nzima mwaka 2022 umeanza kubadilisha hali hii. Barabara zimepewa majina, nyumba zimepewa namba, na postikodi ya tarakimu tano inaonyesha kata. Lakini anwani ya makazi hukuonyesha nyumba ilipo, haikwambii nani analala humo. Na kiwanja kitupu hakina mlango wa kugongwa.

Sasa umeshapata jina. Simu bado huna. Hapa ndipo barua inapofanya kazi ambayo maneno ya mdomo hayaifanyi. Andika kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kupitia kwa Mtendaji wa Mtaa. Weka YAH: OMBI LA KUKUTANISHWA NA MMILIKI WA KIWANJA, na namba yake. Chini, baada ya "husika na kichwa cha habari hapo juu", eleza shida kwa mistari michache: maji, ukuta, unachopendekeza. Kisha andika wazi kwamba huombi kupewa mawasiliano yake. Unaomba ofisi imfahamishe, na namba yako hii hapa ili yeye akupigie. Toa nakala mbili. Moja unaiacha, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe, unabaki nayo.

Sentensi ile ya kutoomba mawasiliano inampunguzia mtendaji mzigo. Akikupa namba ya mtu na kesho yake kukatokea ugomvi, lawama ni zake. Akimpigia yeye mwenyewe na kusema "kuna jirani yako amekuja ofisini, anaomba mzungumze", hajavunja chochote. Ndivyo pia samansi nyingi za mahakama zinavyowafikia wadaiwa: mpelekaji anapita ofisi ya mtaa, kiongozi anamwonyesha nyumba na kuthibitisha kwa mhuri. Ofisi ya mtaa ni mjumbe, na kwa kazi hiyo imezoea.

Je, sheria inasema nini? Katiba, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupata habari. Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, familia yake na mawasiliano yake. Zote mbili ni za Katiba hiyohiyo, na sheria mbili zimetungwa kuzitekeleza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ikikataa, itoe sababu. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kuzuia taarifa inayoingilia faragha ya mtu bila sababu. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msingi wake ni kwamba taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja isitumike kwa kazi nyingine. Mkazi alitoa namba yake ofisini ili apate barua ya utambulisho. Hakuitoa ili igawiwe kwa kila anayeulizia.

Kuna watakaoona huo ni urasimu. Mimi siuoni hivyo kabisa. Anayekuja ofisini kuulizia makazi ya mtu hajaandikwa usoni shida yake ni nini. Anaweza kuwa jirani mwenye ukuta unaobomoka. Anaweza kuwa mume ambaye mkewe alikimbia kipigo usiku na watoto, akapanga chumba mtaa wa mbali. Anaweza kuwa mtu wa mikopo ya simu anayetaka kumwaibisha mdaiwa mbele ya majirani. Mtendaji aliyekaa nyuma ya meza hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama, na kosa moja likimpata yule mama, haliwezi kurekebishwa kwa barua. Kumpelekea mhusika ujumbe na kumwachia uamuzi wa kupiga simu au kutopiga kunamlinda yeye, na wewe wa ukuta hukosi kitu.

Ambako hakuna haja ya kuzunguka hivyo ni kwenye biashara na kwenye vyeo. Duka linalokusumbua kwa muziki linatakiwa kuwa na leseni ya biashara iliyobandikwa mahali inapoonekana. Sogea kaunta uisome, ina jina la mwenye leseni. Jengo linalopanda ghorofa baada ya ghorofa linatakiwa kuwa na bango mbele yake lenye majina ya mwenye mradi, mkandarasi na washauri, na mara nyingi simu zao. Kampuni inapekuliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa mtandao, kwa malipo, na utapata wakurugenzi wake na ofisi yake iliyosajiliwa. Watumishi wa umma nao wana anwani za kazi ambazo ni haki yako: kila halmashauri ina tovuti inayoishia na .go.tz, na herufi mbili za kabla yake hukuonyesha aina ya halmashauri, cc kwa jiji, mc kwa manispaa, tc kwa mji, dc kwa wilaya. Tumia barua pepe ya cheo badala ya simu binafsi ya mkurugenzi. Yeye atahamishwa, barua pepe itabaki.

Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, kazi hii ni ya sheha. Yeye hachaguliwi, huteuliwa, na barua ya sheha hufungua karibu kila ofisi Unguja na Pemba. Kenya nako wengi huanzia kwa chifu au naibu wake, ambao wako chini ya serikali kuu na si kaunti. Kwa ardhi, mfumo wa Ardhisasa ulioanza mwaka 2021 huruhusu upekuzi kwa mtandao kwa viwanja vilivyokwisha kuingizwa humo. Sheria yao ya kupata habari, nayo ya mwaka 2016, inatoa siku 21, na saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu.

Limebaki jambo moja linalotokea mara nyingi: upekuzi unarudi na jina la marehemu. Hapo usitafute simu tena, tafuta mirathi. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na maombi hutangazwa, kwenye ubao wa mahakama au gazetini. Ofisi ya mtaa alikofia mara nyingi inajua familia ilikaa kikao lini na ilimpendekeza nani. Huyo msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kukubaliana nawe kuhusu mtaro. Na kama familia haijafungua mirathi, huku masika yako mlangoni, mpelekee afisa afya wa kata malalamiko ya maandishi kuhusu maji na majani. Yeye ana uwezo wa kutoa notisi juu ya kiwanja chenyewe, hata kabla mwenyewe hajapatikana.