Salio la SACCOS haliwekwi kwenye FLOAT

Msimu wa gawio ukianza tu malalamiko yanatufuata hapa Dodoma, SACCOS za kuanzia Hombolo mpaka Mpwapwa, taarifa ya mwanachama inasema hivi leja inasema vile, tofauti shilingi moja mbili, na mhasibu anaanza kushukiwa wakati hajagusa kitu. Tukifungua databesi tunakuta kolamu ya salio ni FLOAT, aina ya namba inayohifadhi makadirio, siyo thamani kamili.

FLOAT ya baiti 4 inashika kwa uhakika tarakimu kama 7 tu. Weka 16,777,217, kinachobaki ni 16,777,216. DOUBLE, ndugu yake wa baiti 8, inafika tarakimu 15 hivi ila 0.1 na 0.2 bado haziwi 0.3 kamili, na miamala ya mwaka mzima ikijumlishwa hivyo vipande vinarundikana. Halafu mtu anakwambia "shilingi yetu siku hizi haina senti", jamani, riba ya asilimia 1.5 kwenye 33,350 ni 500.25, hiyo robo unaipeleka wapi?

Hela iwe DECIMAL, aina inayohifadhi tarakimu zenyewe kama zilivyoandikwa. Ila kwenye MySQL, programu ya databesi, ukiandika DECIMAL peke yake unapewa (10,0), yaani tarakimu 10 na hakuna hata moja baada ya nukta, na haikatai, inaraundi tu kimya kimya. Andika DECIMAL(18,2), tarakimu 18, mbili zikiwa baada ya nukta. Ndiyo, hesabu zake ni za polepole kidogo na inakula baiti 9 badala ya 8 za DOUBLE, kwa SACCOS hiyo siyo hoja. Wengine wanahifadhi hela kama idadi ya senti kwa BIGINT, aina ya namba nzima zisizo na nukta, inakubalika, mpaka siku ripoti isahau kugawa kwa 100 ndo tunaitwa.

Na DECIMAL haigawi laki moja kwa watu watatu: 33,333.33 mara tatu ni 99,999.99. Senti inayobaki inaenda wapi, bodi iamue kwa maandishi.

Anayetaka kubadilisha aina ya kolamu alete barua ya mwenyekiti wa bodi, muhtasari wa kikao, bakapu ya kabla ya kugusa chochote, na jumla ya masalio kabla na baada, imesainiwa na mhasibu na meneja, nakala mbili, siyo picha ya WhatsApp. Ikikosekana moja faili linarudi na mfumo haupati uthibitisho wetu, mkaguzi akiuliza tutamjibu hivyo hivyo. Developa asije na hoja kwamba amri ni mstari mmoja, kubadili aina ya kolamu hakurudishi shilingi iliyokwisha kupotea, masalio yanajengwa upya kutoka kwenye stakabadhi za miamala, kwa hiyo zile za karatasi msizichome.